Mtu Aliye Peke Yake Ziwani Atamwambukiza Nani?



Ugonjwa mkubwa unapoingia katika inchi, Leta hufunga njia. Masoko yanafungwa, shule zinafungwa, watu wanaambiwa wakae nyumbani mwao. Mambo hayo twayajua. Tumeyaona wakati wa Ebola, tena tumeyaona mwaka wa 2020 wakati wa korona. Na kila mara swali moja linaulizwa, katika hospitali na katika nyumba zetu. Mtu anasema: "Soko nakubali lifungwe, kwa maana watu wanasongana pale. Lakini mimi nina mashua yangu. Nikikaa peke yangu katikati ya maji, na upepo unavuma pande zote, nitamwambukiza nani?"

Swali hili si la mjinga. Linafaa kujibiwa vizuri, si kwa kukaripia. Basi, tutazame pamoja mahali ambapo swali hili liliulizwa kwa nguvu sana, hata watu wakaenda mbele ya nyumba ya Leta kulalamika. Mahali hapo ni jimbo la Michigan, katika inchi ya Marekani.

Inchi ya maziwa

Ninyi mnaokaa kando ya Kivu au Tanganyika, mnajua namna ziwa linavyovuta moyo wa mtu. Michigan ni jimbo la maziwa. Marekani na Kanada zina maziwa makubwa matano yanayokaa karibu karibu, na Michigan linagusa manne kati ya hayo matano. Tena ndani ya jimbo lenyewe kuna maziwa mengine zaidi ya 11,000, makubwa na madogo. Kwa hiyo watu wengi wa huko wana mashua. Si za kazi ya kuvua tu, bali za kupumzika. Siku ya Jumamosi baba anawachukua mke na watoto, wanapanda mashua, wanavua samaki kidogo, wanakula chakula juu ya maji, wanarudi jioni.

Tena fahamu jambo hili: huko kuna majira ya baridi kali. Maziwa mengi yanaganda kuwa barafu, na mashua zinafungiwa miezi mingi. Mwezi wa Aprili barafu inayeyuka, na kila mwenye mashua anaanza kuisafisha. Ni mwezi unaongojewa sana.

Katika mwaka wa 2020, mwezi huo ulikuja pamoja na mauti.

Wagonjwa wa kwanza wa korona walijulikana Michigan tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 24 Machi amri ya kukaa nyumbani ilianza kazi. (Siku ileile, hapa Kongo, Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, na safari kati ya Kinshasa na majimbo zikakatazwa.) Mji wa Detroit na vijiji vilivyouzunguka viliumia sana. Kufika tarehe 9 Aprili, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamekufa katika jimbo hilo. Hospitali zilijaa. Jumba kubwa la mikutano katika Detroit liligeuzwa kuwa hospitali, na vitanda 1,000 vilipangwa kuwekwa ndani yake. Wauguzi walifanya kazi mchana na usiku, na wengine wao wenyewe wakashikwa na ugonjwa.

Amri ya tarehe 9 Aprili

Siku ile ya tarehe 9 Aprili, Gavana Gretchen Whitmer alitoa amri mpya, kali kuliko ile ya kwanza. Watu waliruhusiwa kutoka nje kwa kunyosha mwili: kutembea, kukimbia, kupanda baiskeli. Waliruhusiwa pia kwenda majini kwa mtumbwi wa kasia na kwa mashua ya tanga. Lakini mashua ya mota ilikatazwa. Amri hiyo ilikataza vilevile mtu kusafiri kutoka nyumba yake kwenda nyumba yake ya pili ya mapumziko, kwa maana watu wengi wa mijini wana nyumba ndogo kando ya maziwa ya kaskazini.

Hapo watu wakakasirika. Walisema: "Mwenye kasia anaruhusiwa, mwenye mota anakatazwa. Je, ugonjwa unakaa ndani ya mota?" Tarehe 15 Aprili watu wengi walikwenda na magari yao mpaka Lansing, mji mkuu wa jimbo, wakajaza barabara mbele ya nyumba ya Leta. Mashua haikuwa neno lao la pekee. Walilalamika juu ya kazi zao na maduka yao pia. Siku hiyohiyo wakubwa wa polisi wa wilaya nne za kaskazini walitangaza kwamba hawatashika kwa ukali kila neno la amri ile. Wengine walipeleka mashtaka mahakamani.

Basi, nani alikuwa na haki? Tupime polepole, kama vile muuguzi anavyopima dawa kabla ya kumpa mgonjwa.

Ugonjwa unapita wapi?

Ugonjwa wa korona hupita kwa pumzi. Mtu mwenye ugonjwa anapokohoa, anapoimba, hata anaposema tu, vijidudu vinatoka pamoja na matone madogo ya mate, na vingine vinaelea katika hewa kama moshi. Ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, moshi huo unakaa. Watu wanauvuta. Nje, kwenye upepo, unatawanyika upesi. Kwa hiyo waganga wanatuambia kwamba ndani ya nyumba kuna hatari nyingi zaidi, na nje kuna hatari ndogo.

Basi, yule mwenye mashua alisema kweli juu ya maji. Mtu mmoja juu ya ziwa, au baba na mama na watoto wanaolala katika nyumba moja, hawaongezi ugonjwa kwa sababu ya kupanda mashua. Mota haina vijidudu. Tusiifiche kweli hiyo. Mwalimu wa afya akisema uongo katika neno dogo, watu hawatamwamini katika neno kubwa.

Lakini sikiliza tena. Wewe unatazama mashua ikiwa katikati ya ziwa. Muuguzi anatazama njia yote, tangu mlango wa nyumba mpaka kurudi.

Mtu huyu anakaa Detroit. Ziwa analolipenda liko mbali, upande wa kaskazini, safari ya saa nyingi. Mashua yake ni nzito, anaivuta nyuma ya gari. Njiani anasimama kununua mafuta ya gari na mafuta ya mota. Anaingia dukani kununua mkate na chambo. Anafika pwani, mahali pa kushushia mashua. Hapo anakuta watu wengine ishirini, maana siku ni nzuri, na mahali pa kushushia ni pamoja tu. Mmoja anashika kamba, mwingine anasaidia kusukuma, wanasalimiana, wanacheka. Kisha mota inakataa kuwaka katikati ya maji, au mtoto anaanguka ziwani. Watu wa kuokoa wanaitwa. Wanashikana mikono na mtu ambaye hawajui kama ni mgonjwa. Tena, kama amekuwa mgonjwa kweli na haijulikani bado, hospitali iliyo karibu ni ndogo, ina vitanda vichache, na watu wa kule kaskazini wengi ni wazee.

Unaona sasa? Hatari haikukaa juu ya maji. Ilikaa barabarani, dukani na pwani. Mwenye mtumbwi wa kasia mara nyingi huenda kwenye ziwa la karibu, anabeba mtumbwi wake mwenyewe, na hanunui mafuta. Kwa hiyo palikuwa na maana ya kutenganisha kasia na mota, ingawa haikuwa maana inayotosha kwa kila mtu. Maana kulikuwa pia na mzee anayekaa kando ya ziwa, mashua yake imefungwa mbele ya mlango wake, asiyehitaji barabara wala duka. Yeye pia alikatazwa. Kwake yeye amri ilikuwa ngumu kupita haja.

Amri ilirekebishwa

Tarehe 24 Aprili 2020, baada ya siku 15 tu, gavana alitoa amri nyingine. Mashua za mota ziliruhusiwa tena. Watu waliendelea kuambiwa wakae mbali mmoja na mwenziwe, na katika majengo ya watu wote wavae kitambaa cha kufunika pua na kinywa. Tarehe 1 Juni amri ya kukaa nyumbani yenyewe iliondolewa. Kisha tarehe 2 Oktoba mahakama kuu ya jimbo ilitoa hukumu kwamba sheria ya mwaka 1945, ambayo gavana aliitegemea, ilimpa mtu mmoja uwezo mwingi kupita katiba. Tena walisema kwamba baada ya tarehe 30 Aprili hakuweza kuendesha hali ya dharura pasipo baraza la kutunga sheria.

Wengine wanasoma habari hizi na kusema: "Basi, amri zote zilikuwa bure." Sivyo. Mahakama ilihukumu juu ya nani mwenye uwezo wa kutoa amri. Haikuhukumu kwamba ugonjwa hauambukizi. Haya ni maneno mawili mbalimbali, wala tusiyachanganye.

Na mwezi wa Julai ziwa lenyewe lilitoa fundisho. Kaskazini mwa Michigan kuna ziwa linaloitwa Torch Lake. Maji yake ni safi sana, na upande mmoja kuna mchanga ulioinuka, hata watu wanaweza kusimama ndani ya maji mbali na pwani. Katika sikukuu ya tarehe 4 Julai 2020, mashua nyingi zilikusanyika pale, zikasimama ubavu kwa ubavu, watu wakacheza na kunywa pamoja. Baada ya siku chache idara ya afya ya sehemu hiyo ilitangaza kwamba watu kadhaa waliokuwa pale wameonekana kuwa na korona. Nao hawakuweza kutaja majina ya watu wote waliokuwa karibu nao. Fikiri kazi ya muuguzi hapo. Atamtafuta nani? Atamwonya nani?

Mashua zilikuwa zilezile. Ziwa lilikuwa na upepo uleule. Tofauti ilikuwa hii tu: mwezi wa Aprili mtu alisema, "Nitakuwa peke yangu," na mwezi wa Julai hakuwa peke yake.

Inchi nyingine zilifanya nini?

Si kila inchi iliamua namna moja. Tujifunze kwa kulinganisha.

Katika New Zealand amri ilianza usiku wa tarehe 25 Machi 2020, nayo ilikuwa kali sana. Mashua za kupumzika zilikatazwa zote, na kuogelea baharini, na kucheza juu ya mawimbi. Kwa nini? Si kwa sababu bahari ina ugonjwa. Walisema: mtu akipata ajali majini, wengine watalazimika kutoka nyumbani mwao kwenda kumwokoa, na hospitali itapata mzigo mwingine. Sababu hiyo ilisemwa wazi, na watu wengi waliielewa. Ukali ule ulilegezwa kidogo kidogo, kuanzia mwisho wa Aprili.

Katika Uingereza na Wales kuna chama kinachoitwa Canal & River Trust. Kinatunza mifereji na mito ya urefu wa kilometa 3,200 hivi. Mwezi wa Machi 2020 kilisimamisha safari za kupumzika. Lakini huko kuna watu ambao mashua ndiyo nyumba yao. Wanalala humo, wanapika humo. Wengi wao kwa kawaida wanatakiwa kuhama mahali kila siku 14. Wakati wa korona chama kiliwaambia wakae mahali pamoja, wasilazimike kuhama, ila waliruhusiwa kusogea ili wapate maji na mahitaji ya lazima. Hapo unaona hekima: anayecheza alizuiwa, anayekaa aliachwa akae. Amri njema hutenganisha mchezo na maisha.

Kufungia mashua si jambo jipya

Usifikiri kwamba mambo haya yalianza juzi. Katika sheria ya Musa, kitabu cha Walawi, sura ya 13, twaona kuhani akimfungia mtu mwenye alama ya ugonjwa kwa siku saba, kisha anamtazama tena. Na mwaka wa 1377 mji wa Ragusa, kando ya bahari ya Adriatiki, mji unaoitwa leo Dubrovnik, uliamuru kwamba watu wanaotoka mahali penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku zikawa 40. Neno karantini latoka katika lugha ya Kiitalia, maana yake ni arobaini. Hivyo wasafiri wa merikebu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufungiwa kwa ajili ya afya ya wengine.

Wale wa zamani hawakujua kijidudu. Lakini walitambua kwamba ugonjwa haupandi mashua peke yake. Unapanda pamoja na mtu. Hata sisi tumeliona jambo hili. Mwaka wa 2018 Ebola ilipotokea Bikoro na Iboko, katika jimbo la Équateur, ilifika hata Mbandaka, mji mkubwa kando ya mto Kongo. Wahudumu wa afya walisimama bandarini kuwapima wasafiri joto la mwili. Watu 54 waliugua, na 33 walikufa, kabla ya ugonjwa kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 24 Julai 2018. Kama mto ungekuwa wazi pasipo mtu wa kulinda, nani ajuaye ungefika wapi?

Hatari nyingine inayosahauliwa

Kuna neno jingine ambalo muuguzi hawezi kulinyamazia. Katika mwaka ule wa 2020 watu wengi wa Marekani walichoka kukaa nyumbani, wakanunua mashua, hata wasiozijua. Mwaka wa 2019 watu 613 walikufa katika ajali za mashua za kupumzika katika Marekani yote. Mwaka wa 2020 walikufa 767. Wengi walizama. Na katika kila watu 100 waliozama, 86 hivi hawakuwa wamevaa koti la kuelea majini.

Mtu alikimbia ugonjwa nyumbani, akakutana na mauti ziwani. Haifai tusema asiende kupumzika. Mwili unahitaji hewa, na moyo wenye huzuni unahitaji kutazama maji. Waganga wenyewe walitambua kwamba kufungiwa siku nyingi kunaleta huzuni na ugomvi katika nyumba. Lakini anayekwenda majini aende kwa akili.

Basi, tufanye nini?

Wakati mwingine wa ugonjwa utakuja. Hatujui siku, wala jina la ugonjwa. Ukiwa na mashua, au mtumbwi tu, jiulize maswali haya kabla ya kuifungua kamba:

1. Je, amri ya Leta inaruhusu? Uliza mtu anayejua, usitegemee habari za barabarani.

2. Je, nitapita wapi mpaka kufika majini? Kama ni lazima kupita sokoni na kwenye kundi la watu, hatari iko hapo. Kaa nyumbani, au tafuta maji ya karibu.

3. Nitapanda pamoja na nani? Wale ninaolala nao nyumba moja, vema. Jirani na rafiki, wangojee siku nyingine.

4. Mota ikizimika, nani atakuja kunitoa? Usimlazimishe mwingine kuhatarisha uzima wake kwa ajili ya mchezo wako.

5. Je, kila mtu amevaa koti la kuelea, hata mtoto mdogo? Koti lililowekwa chini ya kiti halimwokoi mtu.

6. Je, nina homa, kikohozi, au kuhara? Kama ndiyo, usipande. Njoo hospitali, au mwite muuguzi.

Na ninyi wakubwa, wazee wa kanisa, wakubwa wa vijiji na wa kazi ya Leta, ninyi pia mna swali la kujiuliza. Mnapokataza jambo, je, mmewaeleza watu sababu yake? Watu wa Michigan hawakukasirika kwa kukatazwa tu. Walikasirika kwa kukatazwa jambo ambalo hawakuona maana yake, huku jambo linalofanana nalo linaruhusiwa. Waambieni watu hatari iko wapi. Mwacheni mvuvi apate chakula cha watoto wake kwa namna iliyo salama. Na mkiona kwamba amri imepita kipimo, irekebisheni upesi, wala msione haya. Siku 15 si nyingi.

Sasa twarudi kwa yule aliyeuliza. Ndugu, kama kweli uko peke yako, na njia yako haipiti katikati ya watu, na amri inaruhusu, hutamwambukiza mtu. Nenda, pumzika, rudi salama. Lakini kabla hujaondoka nyumbani, hesabu tena watu wote utakaokutana nao tangu mlangoni mpaka majini, kisha useme hesabu yako kwa sauti mbele ya mke wako. Yeye atakusaidia kuwakumbuka wale uliowasahau.